CHETI, DIPLOMA AU DIGRII? Historia ya Ngazi Tunayowahimiza Vijana Waipande

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yanapotangazwa, sisi tuliopita katika shule hii hupokea swali lile lile kutoka kwa wadogo zetu na wazazi wao: kijana aende chuo gani, na kwa ngazi ipi? Akasome cheti cha ufundi stadi, aingie chuo cha ufundi apate stashahada, au aendelee na Kidato cha Tano kwa matumaini ya chuo kikuu? Aghalabu jibu hutolewa upesi, na aghalabu huwa moja tu: digrii. Kamati ya jarida letu iliponiomba makala ya historia, nilionelea niandike juu ya swali hilo, maana lina mizizi mirefu kuliko wengi wanavyodhani. Ngazi hii ya cheti, stashahada na shahada haikushuka kutoka mbinguni. Ilijengwa kipago kwa kipago, na kila aliyeongeza kipago alikuwa na shabaha yake. Kijana anayetaka kujua aweke mguu wapi yafaa ajue nani alikigongomea kipago hicho, na kwa ajili ya nani.

Kabla ya shule za kizungu, pwani yetu ilikuwa na mafundi wa hali ya juu wasiokuwa na cheti hata kimoja. Waunda majahazi, wachonga milango ya Unguja na Lamu, wafua fedha na washona kofia walijifunza kazi kwa kukaa na fundi. Kijana aliitwa mwanagenzi. Alianza kwa kufagia takataka za mbao na kushika kamba, akaendelea polepole, na siku ile fundi alipomwachia kazi ya mteja bila kusimama nyuma yake, hiyo ndiyo ilikuwa sikukuu yake ya kuhitimu. Mtihani ulikuwa ni chombo chenyewe: kinavuja au hakivuji. Huko bara nako wahunzi walirithishana kazi ya kufua chuma kwa namna iyo hiyo. Neno lenyewe cheti tulilipata kutoka Bara Hindi, na maana yake ilikuwa kijikaratasi tu cha maandishi. Wazee wa pwani bado husema "mpelekee fulani cheti hiki" wakiwa na maana ya barua fupi. Shahada nayo ni neno la Kiarabu, maana yake ni ushuhuda. Nayataja haya kwa sababu baadaye tuliigeuza karatasi kuwa ndiyo kitu, na kile kilichoshuhudiwa na karatasi tukakisahau.

Wajerumani walipofungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, hawakuwa wakitafuta wanazuoni. Walihitaji makarani, wakalimani, walimu na watu wa kuwasaidia kukusanya kodi. Shule hiyo ilikuwa pia na kazi za mikono, na huko Tanga ndiko lilikochapwa gazeti la Kiongozi mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini vijana waliiona tofauti mapema sana. Karani alivaa nguo safi, alikaa kivulini karibu na mtawala, na mshahara wake haukutegemea mvua. Seremala alibaki seremala.

Baada ya Waingereza kuichukua Tanganyika, likatokea jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililotuharibia fikra zetu juu ya ufundi kwa muda mrefu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1925. Tume ilisema kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: ajifunze kilimo, afya, ujenzi wa nyumba bora na kazi za mikono. Fikra hizo zilitokana kwa kiasi kikubwa na shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani, kama Hampton na Tuskegee. Ukiyasoma maneno yake leo hutakosa mengi ya kukubali. Lakini maneno hayo yalitamkwa katika nchi ambamo ofisi zote kubwa zilishikwa na Wazungu, biashara ikashikwa na Waasia, na Mwafrika akaambiwa kwamba elimu inayomfaa ni ile ya jembe na randa. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walihesabu wakaona kwamba anayewashauri wasisome vitabu, mtoto wake mwenyewe anasoma vitabu. Basi wakaishuku elimu ya mikono kuwa ni hila ya kuwabakiza chini, na hawakukosea sana. Tatizo ni kwamba shuku hiyo iliishi kuliko mkoloni mwenyewe. Ukimsikia mzazi leo anasema "mwanangu hana akili za kwenda ufundi tu," fahamu kwamba anabishana na watu waliokwisha kuondoka zamani.

Chuo Kikuu Kilichozaliwa Karakanani

Hapa nataka tutulie kidogo na historia ya Makerere, maana ni somo zuri kwa kijana anayedhani kwamba ufundi na chuo kikuu ni njia mbili zisizokutana.

Januari 1922 juu ya kilima cha Makerere, Kampala, ilifunguliwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Walijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Hapakuwa na falsafa wala sheria. Mwaka huo huo kikaitwa Chuo cha Makerere, na kidogo kidogo yakaongezwa masomo ya uganga, kilimo, mifugo na ualimu. Vijana kutoka Tanganyika, Kenya na Zanzibar wakaanza kupelekwa huko. Kwa muda wa karibu kizazi kizima, cheti kikubwa alichoweza kukipata Mwafrika katika eneo lote hili kilikuwa ni diploma ya Makerere. Mwaka 1949 Makerere ikawa chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na katika miaka ya 1950 ndipo digrii za kwanza zilipotolewa hapo. Mwaka 1963 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 ikasimama peke yake, sawa na Dar es Salaam na Nairobi.

Na Nairobi je? Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kilitokana na Chuo cha Kifalme cha Ufundi kilichofunguliwa mwaka 1956. Kule Mombasa, taasisi ya ufundi iliyoanzishwa kwa ajili ya vijana wa Kiislamu, ambayo michango yake ilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Bohora, leo ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, tangu mwaka 2013. Kwa hiyo katika Afrika Mashariki karakana imekuwa mama wa chuo kikuu mara nyingi kuliko chuo kikuu kilivyokuwa baba wa karakana.

Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alipanda ngazi hii kipago kwa kipago. Baada ya Shule ya Tabora alikwenda Makerere mwaka 1943, akatoka mwaka 1945 na diploma ya ualimu. Hakukimbilia ng'ambo siku iliyofuata. Alirudi Tabora akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, na mwaka 1949 tu ndipo alipokwenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada. Baina ya diploma na digrii ilipita miaka 7, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa kazini.

Haifai lakini kuipamba historia. Diploma ya wakati ule ilikuwa pia ni dari. Waganga waliofuzu Makerere waliajiriwa kwa cheo cha wasaidizi, hata walipofanya kazi ile ile aliyofanya daktari wa Kizungu. Vijana wa wakati ule walipoitamani digrii, hawakutamani karatasi peke yake. Walitamani kuondolewa neno "msaidizi" mbele ya cheo chao. Hilo ni dai la haki, na ndilo lililoipa digrii utukufu ambao haijaupoteza hadi leo.

Serikali ya kikoloni ilikumbuka ufundi kwa kuchelewa. Shule ya ufundi ya Ifunda ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1950, ya Moshi ikafuata mwaka 1957, na mwaka huo huo ikafunguliwa Taasisi ya Ufundi ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 1964 iligeuka kuwa Chuo cha Ufundi. Katika makoloni mengi ya Uingereza kipimo cha mafunzo ya namna hii kilikuwa mitihani ya City and Guilds ya London. Mtu aweza kucheka kwamba fundi wa Iringa alipimwa na watu wa London, lakini kipimo kile kilikuwa na sifa moja: kilijulikana kote, na mwajiri hakuuliza maswali mengi.

Hesabu za Uhuru

Ilipofika Desemba 1961, mambo yalikuwa ya kutisha. Katika mahojiano ya mwishoni mwa maisha yake Mwalimu alikumbusha kwamba Waingereza walipoondoka walituachia wahandisi 2 na madaktari 12. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefunguliwa Oktoba mwaka huo huo katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria. Uhandisi ulisomwa Nairobi, udaktari Makerere. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam hakikuanza mpaka mwaka 1973.

Serikali changa ilifanya kitu cha busara: ilihesabu kazi kwanza, kisha ikahesabu vyeti. Mwaka 1963 ilitolewa taarifa ya George Tobias juu ya mahitaji ya watu wenye ujuzi, na Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, ulioanza Julai 1964, uliweka shabaha kwamba ifikapo mwaka 1980 nchi ijitosheleze kwa wataalamu wake yenyewe. Kazi ziligawanywa mafungu matatu. Fungu A lilikuwa la kazi zinazohitaji digrii. Fungu B lilikuwa la kazi zinazohitaji mwaka mmoja hadi mitatu ya mafunzo baada ya sekondari: mafundi sanifu, mabwana shamba, wauguzi, wapima ardhi, walimu. Fungu C lilikuwa la kazi za elimu ya sekondari na ufundi wa mikono. Kijana aliyepata msaada wa masomo ya juu alitia sahihi kwamba ataitumikia Serikali kwa miaka 5.

Mimi nimekuwa mtumishi wa umma kwa muda sasa, na nakiri kwamba mgawanyo huo wa A, B na C bado unaniridhisha kuliko mambo mengi yaliyokuja baadaye. Haukuuliza "kijana huyu ana akili kiasi gani?" Uliuliza "kazi hii inataka nini?" Hayo ni maswali mawili mbalimbali. Swali la kwanza humweka aliyeshindwa katika fungu C. Swali la pili humweka pale anayefaa.

Wasomi nao hawakuwa malaika. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa lile la kufanya kazi miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tukio hilo husimuliwa kama habari ya siasa, lakini ni habari ya ngazi pia. Katika nchi ambamo wakulima waliishi kwa mapato madogo mno, digrii ilikuwa imekwisha kuwa tiketi ya maisha mengine kabisa.

Yaliyofuata wengi wenu mnayajua. Elimu ya Kujitegemea ilitolewa Machi 1967. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikawekewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likafuta desturi ya kutoka Kidato cha Sita moja kwa moja hadi Chuo Kikuu. Kijana sharti afanye kazi kwa muda usiopungua miaka 2 na apate mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Azimio hilo lilikuwa na uzuri wake, kwani mtu mzima aliyekwisha kuona barabara ikijengwa husoma ujenzi wa barabara kwa macho mengine. Lakini liliwaumiza wasichana, idadi yao ikashuka, hata ikabidi waruhusiwe kuingia moja kwa moja. Masharti yenyewe yalilegezwa baadaye.

Kwa upande wa ufundi, hicho kilikuwa kipindi cha kujenga. Sheria ya Mafunzo ya Ufundi Stadi ilipitishwa mwaka 1974, na majaribio ya ufundi ya daraja la III, la II na la I yakawa ndiyo njia ya fundi mchundo kupanda cheo. Chuo cha Maji cha Rwegarulila kilianza mwaka 1974, Chuo cha Ufundi Arusha kikafunguliwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na cha Mbeya mwaka 1986 kwa ushirikiano na Urusi ya Kisovieti. Reli ya Uhuru, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa tangu mwaka 1970 hadi 1975, na maelfu ya vijana walijifunza kazi humo humo kwenye matuta na madaraja.

Na hapa sharti niseme neno juu ya FTC. Cheti hiki kamili cha fundi sanifu kilimchukua kijana wa Kidato cha Nne aliyefaulu vizuri hesabu na fizikia, kikamweka chuoni miaka 3, kikamtoa akiwa mtu anayeweza kusoma mchoro wa mhandisi na pia kushika spana. Kilikuwa kigumu kuingia na kigumu kutoka. Katika mitambo ya umeme, simu, maji, reli na barabara, watu wa FTC ndio walioifanya nchi isisimame wakati vipuri vilipokosekana katika miaka ya 1980. Sisi tulioingia sekondari katika miaka ya 1990 tuliwakuta wakiwa wakubwa wa karakana, na wahandisi vijana waliotoka Chuo Kikuu waliwaita "mzee" na kuwauliza.

Katikati Palipobomoka

Kisha mambo yakageuka. Viwanda vingi vya umma vilibinafsishwa au kufungwa, watumishi wakapunguzwa, na karakana zilizokuwa zikipokea wanagenzi zikanyamaza. Wakati huo huo milango ya elimu ya juu ilifunguka, nayo ni neema: Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, na vyuo vikuu vya binafsi vikaanza kuruhusiwa katika muongo huo. Lakini pamoja na kufungua milango mipya, tulipandisha vyeo milango ya zamani. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kikawa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Mzumbe, iliyokuwa ikifunza maofisa wa serikali, ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Ardhi, iliyoanza kama shule ya wapima katika miaka ya 1950, ikawa chuo kikuu mwaka 2007. Mbeya nayo ikafuata mwaka 2012. Baadhi ya vyuo hivi viliendelea kutoa stashahada, na hilo ni la kushukuru. Lakini fahari, fedha na walimu bora walielekea upande wa digrii.

Stashahada ya Juu nayo ikapotea. Vijana wa leo hawaijui, lakini kwa miongo kadhaa Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Mzumbe, Ardhi na Chuo cha Ufundi vilitoa stashahada hiyo, na miundo mingi ya utumishi iliandika "shahada au stashahada ya juu" kwa pumzi moja. Nyumbani ilihesabiwa sawa. Ng'ambo mtu alilazimika kujieleza. Basi vyuo vikaibadili kuwa shahada, na huwezi kuwalaumu, ingawa nadhani ile ya zamani ilikuwa na miezi mingi zaidi ya kazi halisi ndani yake.

Wahandisi wetu katika mikutano yao hutaja mara kwa mara kipimo cha mhandisi 1 kwa mafundi sanifu 5 na mafundi mchundo 25. Atakayetazama kazi ya ujenzi yoyote ataelewa sababu. Mtu mmoja akishachora na kukokotoa, wanahitajika wachache wa kupima udongo, kukagua zege na kusimamia mitambo, na wengi zaidi wa kufunga nondo, kuchomea na kujenga. Taifa likizalisha wenye digrii kuliko mafundi sanifu, piramidi husimama kwa ncha yake.

Ngazi Ilivyo Sasa

Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi liliundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na katika miaka ya karibuni likaongezewa usimamizi wa mafunzo ya ufundi stadi, ndiyo maana sasa tunalisikia kwa jina la NACTVET. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inaendelea kuendesha vyuo vya ufundi stadi. Majaribio ya zamani ya daraja la III hadi la I yalipisha tuzo za ufundi stadi za ngazi ya 1, 2 na 3. Juu yake zinaanza tuzo za ufundi: ngazi ya 4 na ya 5 ni vyeti, ya 6 ni stashahada, ya 7 ni stashahada ya juu ambayo siku hizi huwa kituo cha njiani tu, ya 8 ni shahada, na kuendelea hadi ya 10 ambayo ni uzamivu. Mwenye ufundi stadi ngazi ya 3 aweza kuingia ngazi ya 4. Kwa maneno mengine, kwa mara ya kwanza katika historia yetu, mwanagenzi wa gereji ana njia iliyoandikwa ya kufika hadi udaktari wa falsafa. Hata fundi aliyejifunzia mtaani bila kukanyaga chuo aweza kupimwa na VETA na kupewa cheti cha ujuzi alionao.

Njia kuwapo si sawa na njia kupitika, na hapa ndipo kijana anatakiwa afanye hesabu badala ya kufuata sauti za watu. Chukua mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayetaka uhandisi. Akipitia Kidato cha Tano na Sita ni miaka 2, kisha digrii miaka 4: jumla 6. Akipitia stashahada ni miaka 3, kisha digrii miaka 4: jumla 7. Tofauti ni mwaka 1. Kwa mwaka huo mmoja ananunua stashahada anayoweza kuajiriwa nayo endapo baba atafariki, au ada itakosekana, au yeye mwenyewe akigundua kwamba kazi ya mikono inampendeza kuliko meza. Yule wa njia ya kwanza, akikwama baada ya Kidato cha Sita, ana cheti kisichomtaja kuwa fundi wa kitu chochote. Lakini aangalie: kwa miongozo ya udahili ya miaka ya karibuni, mwenye stashahada hatakiwi kuwa amepita tu, hutakiwa wastani wa alama usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo yasiyopungua 4 ya Kidato cha Nne. Stashahada iliyopatikana kwa kujikokota ni mwisho wa barabara.

Lipo na jambo ambalo sisi wa maofisini tunaliona na wazazi hawalioni. Muundo wa utumishi hauandiki "aliyesoma zaidi atafikiriwa kwanza." Nafasi ya fundi sanifu huandikiwa stashahada ya fani fulani, na mwenye digrii tupu, ambaye hakupitia stashahada, aghalabu huachwa katika mchujo. Nimeona mabarua ya vijana wenye shahada wakiomba nafasi zilizo chini ya shahada zao, wakieleza kwamba wako tayari kupokea mshahara wowote. Si utayari unaokosekana. Walichokosa ni ujuzi uliotajwa katika tangazo. Wapo pia waliofanya kinyume: mmoja wa tuliosoma naye darasa moja alikwenda ufundi stadi wa umeme tulipomaliza, wengine tukamwonea huruma. Akapanda hadi stashahada, na hadi leo hajaona haja ya kuendelea, kwani kampuni yake ndogo inafunga mitambo katika mikoa mitatu na imeajiri wahandisi wawili wa digrii.

Fedha nazo zimekuwa na nguvu ya kuvuta kuliko ushauri. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, mikopo ilikuwa ya elimu ya juu. Kwa miaka mingi, basi, mtoto wa maskini aliyechagua digrii alisaidiwa, na aliyechagua stashahada akajilipia. Tukawa tunahubiri ufundi kwa mdomo na kulipia digrii kwa mkono. Katika mwaka wa masomo 2023/24 ndipo mikopo ilipoanza kutolewa kwa stashahada katika fani za kipaumbele. Kila mwanafunzi anayejaza fomu za kuchagua tahasusi au chuo ahakikishe mambo mawili kwanza: kwamba chuo anachokitaka kimesajiliwa na kozi yenyewe imeidhinishwa na mamlaka inayohusika, na kwamba fani hiyo imo katika orodha ya mikopo ya mwaka wake, si ya mwaka wa kaka yake.

Sera ya Elimu na Mafunzo iliyorekebishwa mwaka 2023 imeleta mkondo wa amali kando ya mkondo wa elimu ya jumla katika sekondari, na Januari 2024 wanafunzi wa kwanza wa amali waliingia Kidato cha Kwanza. Wale wanaokumbuka michepuo ya miaka ya 1970 watatikisa vichwa, nami nimetikisa changu, maana michepuo ile ilikufa kwa kukosa vifaa na walimu, si kwa kukosa hoja. Wanafunzi hao wanatarajiwa kumaliza Kidato cha Nne mwaka 2027. Wengine watataka stashahada, wengine watataka kazi siku hiyo hiyo, na wapo watakaotaka chuo kikuu. Umoja wetu una wahandisi, mafundi sanifu, walimu na wenye karakana zao katika karibu kila mkoa. Katibu anaandikisha majina ya wale walio tayari kumpokea kijana mmoja mmoja kwa mafunzo ya vitendo wakati wa likizo. Fomu zipo ofisini kwa Mkuu wa Shule.